Ukilinganisha na Nani?

Nafundisha takwimu chuo kikuu, na siri ya somo hili ni kwamba lina swali moja tu. Wanafunzi huingia darasani wakihofia kanuni na herufi za Kigiriki. Wanaoelewa hutoka na swali hilo mkononi: ukilinganisha na nini? Dawa fulani imewaponya wagonjwa wengi. Ukilinganisha na nini? Shule fulani inafaulisha sana. Ukilinganisha na ipi, na ilianza na watoto gani? Wastani, sampuli, uwiano na mengineyo ni vifaa tu vya kulijibu swali hilo bila kujidanganya.

Mimi pia ni mwanamke nisiye na mume, sijawahi kuwa naye, na nimefikia umri ambao watu wameacha kuniuliza "lini" wakahamia kwenye "kwa nini". Hapo ndipo kazi yangu na maisha yangu vinapokutana. Anayenionea huruma ananilinganisha na mtu. Nikimwuliza ni nani, mara nyingi hajafikiria. Akimpata, huwa ni mke fulani mwenye afya, mume msikivu, watoto wenye adabu na nyumba isiyo na madeni wala ugomvi. Nimeishi na wake za watu maisha yangu yote, dada zangu, wafanyakazi wenzangu, marafiki niliosoma nao, na huyo bado sijakutana naye. Baadhi yao wana ndoa nzuri kweli. Lakini hata hao wangecheka wakiambiwa kwamba wao ndio kipimo.

Nianze na darasa, maana huko ndiko nilikojifunzia kuuliza.

Swali la mwalimu lina adui mmoja, naye ni mwalimu mwenyewe. Mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe aliwasikiliza walimu wakiwa kazini, akakuta kwamba wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja hivi, kisha hulijibu wenyewe au humwita mtu mwingine. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Tafiti zake za miaka ya 1970 ndizo zilizonifundisha kunyamaza, na kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii.

Sekunde 3 zinaonekana chache kwenye karatasi. Simama mbele ya ukumbi uliojaa uzihesabu. Ya kwanza, wote wanakutazama. Ya pili, macho yanashuka kwenye daftari na kalamu zinaanza kubonyezwa, tik, tik. Ya tatu, yule kijana wa mstari wa mbele anayejua kila kitu ananyanyua mkono nusu, nami najifanya sijamwona. Kuanzia hapo ulimi unawasha, unatamani kusema "basi, jibu ni hili" ili wote mpumue. Ukivumilia, sauti inatoka pembeni, aghalabu ya mtu ambaye hujamsikia tangu muhula uanze, na inaanza hivi: "Sina uhakika, Profesa, lakini..." Majibu bora niliyowahi kuyapokea yalianza na maneno hayo.

Sisemi mhadhara hauna kazi. Napenda kuhutubia, na kuna siku nahutubia kwa raha zangu mwenyewe. Ila mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakakuta kwamba waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walifeli kwa wastani wa asilimia 33.8, na walioshirikishwa darasani asilimia 21.8. Nilipowasomea wanafunzi wangu tarakimu hizo, mmoja akauliza papo hapo: "Kwani hao walimu wanaoshirikisha hawakuwa walimu wazuri zaidi tangu mwanzo?" Nikaona mshahara wa mwezi ule nimeustahili.

Sasa linganisha na wanaoniuliza kwa nini sikuolewa. Hawasubiri hata hiyo sekunde moja. Swali linakuja limebeba majibu yake: ulichagua mno, ulisoma mno, au kuna mtu alikutenda. Nichague A, B au C. Jibu la kweli halisisimui. Palikuwa na mtu niliyempenda, tukashindwa kukubaliana tuishi wapi na kazi ya nani iifuate ya mwenzake, tukaachana kwa heshima. Baadaye walikuja wengine ambao sikuwataka vya kutosha. Katikati ya hayo nilikuwa nafanya kazi niliyoipenda. Hakuna siku niliyokaa nikaamua. Nimewahi kulieleza hivi kwa mtu aliyesikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo ulichagua mno."

Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya makundi ya kulinganisha, nawaletea wanafunzi jedwali la William Farr. Huyu alikuwa Mwingereza, bingwa wa takwimu za vizazi na vifo. Mwaka 1858 alichapisha uchambuzi wa vifo vya Wafaransa akiwagawa katika makundi matatu: walio katika ndoa, wasiowahi kuoa wala kuolewa, na wajane. Akakuta, kwa umri mwingi, kwamba walio katika ndoa hufa kwa uchache kuliko wengine, na wajane ndio walio na hali mbaya zaidi. Akahitimisha kwamba ndoa ni hali yenye afya, isipokuwa kwa wanaooana wakiwa bado wadogo sana.

Naliacha jedwali ukutani, nanyamaza. Mwaka mmoja kijana wa viti vya nyuma akasema, si kwa ubaya: "Profesa, basi olewa upesi." Darasa likaangua kicheko, kisha likashtukia kicheko chake lenyewe. Nikacheka nami. Nikamwuliza: "Nikiolewa kesho nitakuwa nimehama kundi. Mwilini mwangu kitakuwa kimebadilika nini kwa usiku mmoja?" Nikasubiri.

Binti mmoja akasema taratibu: "Sina uhakika, lakini wakati ule mtu mwenye kifua kikuu, nani angemwoa?"

Baada ya hapo sikuhitajika tena. Wakaanza kurushiana wenyewe. Kama wagonjwa na mafukara ndio waliokuwa wakibaki bila wenzi, basi lile kundi la wasiooana lilibeba maradhi tangu mwanzo, na ndoa ikapewa sifa ya afya ambayo watu waliingia nayo. Mwingine akasema hapana, mke au mume ndiye anayekuona unakohoa na kukusukuma uende kwa daktari. Wakabishana. Kisha kijana yuleyule wa nyuma, sasa amekaa wima, akauliza jambo lililofanya nimkumbuke mpaka leo: "Na wale ambao ndoa iliwavunja wakatoka, wamehesabiwa wapi?"

Kwa Farr jibu lina mkunjo wake. Katika takwimu nyingi za siku hizi, wamehesabiwa nje. Ndoa ikistawi inaandikwa kwenye safu ya ndoa. Ikiharibika, majeruhi wake wanahamishiwa safu nyingine. Ni kama shule inayowafukuza watoto wanaoelekea kufeli, halafu inatundika matokeo yake getini.

Sidai kwamba Farr alikosea. Naamini kabisa kwamba kuwa na mtu wa kukusukuma kwa daktari ni faida. Ninachodai ni kwamba jedwali peke yake haliwezi kukuambia ni kiasi gani cha afya kimeletwa na ndoa na ni kiasi gani kiliingia nayo. Anayekupigia mfano wa jedwali hilo akitaka uolewe hajalisoma.

Mwaka huohuo wa 1858, chama cha wanatakwimu cha London kilimpokea mwanamke kwa mara ya kwanza. Alikuwa Florence Nightingale, aliyeshirikiana na Farr huyohuyo kuchambua vifo vya askari wa vita vya Crimea. Nightingale alimkataa mchumba aliyemsubiri kwa miaka, hakuolewa kamwe, akaugua kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na akafariki mwaka 1910 akiwa na miaka 90. Farr, aliyeoa mara mbili, alifikisha 75. Wanafunzi wanaupenda mfano huo kupita kiasi, nami inanibidi niwakumbushe kwamba watu wawili si ushahidi wa chochote. Hata hivyo nauleta kila mwaka.

Makundi haya yalinifuata hadi hospitali. Nilikuwa naingia kwa upasuaji, si mkubwa, na msichana wa mapokezi alikuwa anajaza taarifa zangu kwenye kompyuta.

"Jina la mume?"

"Sina mume."

"Pole sana, mama." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshabonyeza "mjane".

"Sikufiwa. Sijawahi kuolewa."

Akanitazama, akatazama skrini. "Imeshaingia, mama. Haina neno."

Kwa mtu wa takwimu ina neno. Mahali fulani nimo katika kundi la wajane, na kwa kuwa nilipona upesi, nimewapandishia wastani. Tangu siku hiyo, nikiona jedwali la hali ya ndoa, huwa najiuliza ni wangapi wameingizwa humo na mtu mwenye haraka.

Swali lililofuata ndilo lenye uzito: mtu wa kupigiwa simu ni nani? Nilimtaja mtoto wa dada yangu. Alifika, akavuta kiti, akamwuliza daktari maswali ambayo mimi ningeona haya kuyauliza, akayaandika majibu. Hakuwa amekuja kwa bahati. Tulikuwa tumekubaliana zamani, nikamwambia waziwazi kwamba jina lake liko kwenye fomu zangu, kwamba wosia uko wapi, funguo za akiba ziko kwa nani, na nimemwandika nani kupokea mafao yangu nikifa. Aliniambia, "Shangazi, unanitisha." Ni shangazi kwa mazoea tu, kwa hesabu za ukoo mimi ni mama yake mdogo, lakini alianza kuniita hivyo akiwa mtoto na hakuna aliyemrekebisha. Nikamjibu kwamba kinachotisha ni kumwachia nesi wa zamu ya usiku akisie. Mwenye ndoa hudhani mambo haya yamejipanga yenyewe, na wakati mwingine ni kweli. Asiye na mwenzi inabidi ayapange kwa mkono wake, tena akiwa mzima, na ayarudie kila baada ya muda kwa sababu watu huhama, hukosana na hufa.

Kazini jambo lilikuwa jingine, nalo ni muda wangu. Madarasa ya jioni, kusimamia mitihani karibu na sikukuu, kumpokea mtahini wa nje anayefika usiku: "Mpeni Profesa, yeye hana watu wanaomsubiri." Yalisemwa kwa upendo, na upendo huo ulinichosha. Nikafanya ninachokijua. Nikachukua ratiba za zamani za idara, nikazipanga katika jedwali lisilo na majina: wenye watoto wadogo, wenye watoto wakubwa, wasio na watoto, upande wa pili saa za jioni, zamu za sikukuu, kamati.

Nilitarajia kuona uonevu mmoja, nikaona wa aina mbili. Wasio na familia walikuwa wamebeba jioni na sikukuu, kama nilivyodhani. Lakini kinamama wenye watoto wadogo ndio waliokuwa wamejazwa kwenye kamati za mchana, zile zisizo na posho wala sifa, ambazo hazimpandishi mtu cheo hata azitumikie vipi. Nilikuwa nimezoea kuwaona wakiondoka saa kumi nikidhani wana nafuu. Nafuu ilikuwa kwa wanaume wenye familia: nyumbani kuliwaondolea jioni bila kuwaongezea mchana. Kikao kilichojadili jedwali lile kilikuwa kifupi kuliko kawaida. Mkuu wa idara alisema data ni chache, na hilo lilikuwa kweli. Zamu za sikukuu zilianza kuzungushwa muhula uliofuata. Kamati hazijaguswa hadi leo, na waliolalamika zaidi kuhusu jedwali walikuwa wale waliokuwa na raha ndani yake.

Mtu akiniambia kwamba jamii imekuwa hivi tangu zamani, namwuliza: ukilinganisha na lini? Kwa karne nyingi Oxford na Cambridge ziliwataka wahadhiri wengi wa vyuo vyake wasiwe na wake. Aliyeoa alipoteza nafasi yake. Sharti hilo lilikuja kuondolewa kwa mageuzi yaliyofuata sheria ya mwaka 1877. Kwa wanaume, basi, kutokuwa na mke kulikuwa dalili kwamba mtu ameichukulia elimu kwa uzito. Kwa walimu wanawake mambo yalikuwa makali zaidi: Uingereza, waajiri wengi waliwaachisha kazi walipoolewa, mpaka sheria ya elimu ya 1944 ilipolipiga marufuku jambo hilo. Ayalandi katazo la walimu wa kike wa shule za msingi kuendelea na kazi baada ya ndoa lilidumu hadi 1958. Ina maana mwalimu mwanamke aliyetaka kubaki darasani alilazimika kubaki mwenyewe, halafu watu walewale walioweka sharti wakamcheka kwa kulitimiza. Nikiwaeleza hayo wanafunzi wangu wa kike, huwa wanakasirika kuliko ninavyokasirika mimi, na ninawaacha wakasirike.

Upweke upo, sitamdanganya mtu. Ila hauji saa watu wanazodhani. Usiku nalala vizuri. Unakuja siku ya habari njema: makala imekubaliwa, natoka ofisini na simu mkononi, napitia majina nikimtafuta mtu ambaye hatahitaji kwanza kuelezwa jarida hilo ni lipi na kwa nini nimelisubiri mwaka mzima. Mara nyingine nampata. Mara nyingine narudisha simu mkobani na kuendelea na safari. Unakuja pia kwenye maamuzi madogo, kubadilisha mapazia, kumwamini fundi, kukubali au kukataa mwaliko, ambapo kura ni yangu peke yangu kila mara na hakuna wa kumlaumu.

Nami nina hila zangu. Asubuhi ya Jumamosi, nyumba kimya, kitabu kiko wazi, humfikiria mwenzangu aliyekuja darasani hajalala kwa sababu ya homa ya mtoto, nikajipongeza. Huko ni kuchukua siku yangu bora na kuipambanisha na siku yake mbaya, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemkata alama. Anayestahili kulinganishwa nami ni mimi yuleyule niliyeolewa na yule mtu wa zamani, na huyo hajawahi kuishi. Hana wastani, hana safu kwenye jedwali lolote. Wanaonisikitikia hawamjui, na mimi pia simjui.

Mama yangu aliniuliza kwa miaka mingi, kisha akaacha. Nilidhani nitapumua, lakini kuacha kwake kulinikera zaidi, maana nilijua hajaacha kuwaza. Siku moja alirudi kutoka kumsuluhisha dada yangu na mumewe, safari ya tatu au ya nne kwa jambo lilelile. Akaketi, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Angalau wewe hunipi safari," akasema. Hayo ndiyo maneno mazuri zaidi aliyowahi kunipa juu ya jambo hili, na ingawa ulinganisho wake una kasoro za kisayansi, niliupokea kama ulivyo.

Kuna mhadhiri kijana aliyekuja ofisini kwangu akafunga mlango kabla ya kuketi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uzamivu mbali, na alikuwa na mchumba. Kwao walimtaka aolewe kwanza. "Na mfano wanaoutoa ni wewe, Profesa," alisema akitazama sakafu. "Wanasema nitaishia kama wewe."

Nilicheka mpaka akaogopa. Nikamwuliza kama wamesema nimeishia wapi. Hakuwa na jibu. Alitaka ushauri, na ushauri wa namna hiyo siutoi. Mtu akinichukulia kama onyo au kama kielelezo, yote mawili ni sampuli ya mtu mmoja. Nilichomwuliza ni mchumba mwenyewe amesema nini kuhusu hiyo miaka ya masomo. Hakuwa amemwuliza. Wazazi walikuwa wamesema, wajomba walikuwa wamesema, rafiki zake walikuwa wamesema, wao wawili bado.

"Muulize, mwanangu," nikamwambia. "Ukishauliza, nyamaza. Hesabu mpaka tano."

Alikwenda kusoma. Wakafunga ndoa akiwa katikati ya masomo, na mume akamfuata huko aliko. Sasa naye anafundisha, na hivi karibuni ameniandikia akiomba jedwali la Farr. Nimemtumia pamoja na swali ninalopenda kulitoa kwenye mtihani: "Ufaransa ilifuta talaka mwaka 1816 na kuirejesha mwaka 1884. Katika jedwali hili la 1858, mke na mume waliotengana na kuishi mbalimbali wamehesabiwa katika kundi gani? Je, hilo linaipendelea ndoa au linaionea? Jibu kwa mistari isiyozidi kumi."

Amenijibu kwamba mumewe amelichukua swali hilo akaandika mistari ishirini, na bado hajamaliza.